Walionipokea Lundo

Jumapili, 3 Novemba

Nimeanza kuandika kwa sababu sina wa kumsimulia. Miaka kumi na moja nilikuwa nikirudi kutoka shule namkuta mume wangu Victor anavua viatu vyake vya shambani mlangoni, nami naanza: leo mwalimu mkuu kasema hivi, leo mtoto fulani kafanya vile. Yeye alikuwa bwana shamba, siku nzima yuko kwenye kahawa za watu, lakini hakuwahi kuniambia nyamaza, nimechoka. Tangu Julai maneno ya siku yananikaa kooni.

Nina wiki moja hapa Lundo, kando ya ziwa. Uhamisho niliuomba mwenyewe. Kule Mbinga nyumba yetu iko kando ya barabara wanayopita malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na kila lori likipita nilikuwa naacha ninachofanya, nasimama mpaka sauti ipotee. Lori la namna hiyo ndilo lililomgonga Victor tarehe 16 Julai, saa kumi na mbili jioni, akiwa kwenye pikipiki anarudi nyumbani. Dereva alikimbia. Hakuna aliyesoma namba. Polisi waliandika, wakaniambia nisubiri.

Wifi yangu Walburga, dada yake Victor, amekasirika. Alisema, "Udongo haujakauka, unalikimbia kaburi." Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hakukuwa na wa kunizuia.

Jumatano, 6 Novemba

Joto. Mvua hakuna. Darasa langu la Nne lina watoto sabini na wawili.

Alhamisi, 7 Novemba

Jioni alipiga hodi mama mmoja mnene, mcheshi, ameshika bakuli la dagaa wabichi lililofunikwa kwa sahani. Anaitwa Winifrida, ni mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama katika kanisa la Anglikana hapa jirani. Watu wote wanamwita Mama Mwenyekiti.

"Nimesikia umekuja peke yako, mwalimu. Huku kwetu mgeni halali na njaa."

Aliniona ninavyowatia dagaa maji akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyie watu wa milimani mnawapika dagaa kama maharage." Akaninyang'anya sufuria, akanionyesha. Hakuuliza kilichonileta. Tulikula, akaosha bakuli lake, akaondoka.

Ijumaa, 8 Novemba

Amerudi, safari hii na unga wa muhogo. Nikamweleza habari za Victor, labda kwa sababu hakuniuliza. Nilipolitaja jina alisema, "Victor nani?" Nikasema Victor Kapinga, bwana shamba. Akauliza tarehe. Nikamwambia. Akawa anasokota upindo wa kitenge chake.

Nikamwambia kinachonitesa si kifo chenyewe. Ni kutojua kama alilala pale barabarani anajitambua, ananiita, na mimi niko jikoni nasonga ugali.

Akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, hakuteseka. Alikwenda papo hapo. Aliyegongwa na lori hajui hata kilichompata."

"Unadhani, mama?"

"Nakuambia."

Hospitali walisema tu kwamba aliletwa akiwa amekwisha kufa. Watu wengi wamenipa pole, lakini neno hili hakuna aliyenipa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelala mpaka jogoo akawika. Mara ya kwanza tangu Julai.

Jumapili, 10 Novemba

Mimi ni Mkatoliki. Lakini kigango chetu kiko mbali, na padre wetu anafika mara moja kwa mwezi, na Mama Mwenyekiti alinipitia asubuhi amevaa tayari. Nikaenda naye kwao.

Walinisimamisha kama mgeni. Kwaya ikaimba, akina mama wakanipungia leso. Nikalia mbele za watu, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Mlangoni Padre William alinipa mkono akasema, "Hapa hatumuulizi mtu ametoka dhehebu gani. Tunamuuliza amekula?"

Ilipofika komunyo nilibaki kwenye benchi, maana si kanisa langu. Mama Mwenyekiti naye akabaki. Nikamnong'oneza, "Nenda, mama, nisikuzuie." Akatikisa kichwa. Mwenyekiti mzima wa akina mama anaacha komunyo ili mgeni asikae peke yake. Nimelifikiria hilo kutwa nzima.

Jumanne, 19 Novemba

Akina mama wanapokezana kuja. Leo kuni, jana mihogo, juzi samaki. Sijawahi kupokelewa hivi, hata kwetu.

Mmoja tu ndiye asiyefika: Glorious, mkwe wa Mama Mwenyekiti, mke wa mwanawe Hamphrey. Nimemkuta bombani. Nikamsalimia, akaitikia bila kunitazama, akabeba ndoo yake kabla haijajaa. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya na anaimba vizuri, lakini nadhani ana kiburi. Nilimuuliza mkwewe kama nimemkosea. "Mwache," alisema, "ana mambo yake."

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua imeanza. Imetoka ziwani kama ukuta mweusi. Watu wote wako mashambani.

Jumanne, 10 Desemba

Upepo wa jana uling'oa bati mbili za jikoni. Leo Mama Mwenyekiti ameniletea Hamphrey aje kuzirudisha. Ni mrefu, mkimya, miaka thelathini na kitu. Mama yake anasema alikuwa dereva huko juu, akaacha kwa sababu ya mgongo. Niliposikia dereva nilishtuka, halafu nikajionea aibu. Madereva ni wengi, na wana mama zao.

Alifanya kazi bila kupumzika. Nikamkaribisha chai, akakataa. Nikamkaribisha maji, akakataa. Akaingia sebuleni kutazama palipovuja, na pale ukutani ipo picha ya Victor. Alisimama mbele yake nyundo mkononi. Nikamwambia, "Huyo ndiye marehemu mume wangu." Akasema atamalizia kesho, akatoka.

Alhamisi, 12 Desemba

Hamphrey hakurudi. Mama yake ametuma fundi mwingine, anasema mwanawe ana homa. Nimempelekea machungwa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya ibada nilikula nyumbani kwa Mama Mwenyekiti, wanawake kama kumi na watano na sufuria moja kubwa ya wali. Walianza kuniiga ninavyoongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kimatengo cha kwetu, na mimi nikawaiga wao. Nimecheka. Nilipojisikia ninacheka nilishtuka, nikadhani nimemsaliti Victor. Mama Mwenyekiti aliniona, akanivuta begani mwake. "Cheka, mwanangu. Hakuna anayekudai machozi."

Glorious aliosha vyombo peke yake nje, kwenye mvua.

Walburga hakupiga simu.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Chaki hakuna.

Jumamosi, 18 Januari

Tumepandikiza mpunga kwenye shamba la Umoja. Nilivua viatu nikaingia tope mpaka magotini. Wenzangu wanapandikiza huku wanaimba, miche inasimama mistari. Yangu inaelea kama takataka. Nikateleza, nikakaa kwenye maji. Kicheko kikavuma shamba zima.

Aliyenivuta ni Glorious. Alinishika kifundo cha mkono, na baada ya kunisimamisha hakuniachia. Alifungua mdomo. Mama Mwenyekiti akaita kutoka upande wa pili, "Glorious, leta miche." Akaniachia, akaenda.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya ibada, kwenye maombi ya Umoja, kila mmoja alisema hitaji lake. Mimi nikaomba waniombee dereva yule apatikane. Sitaki kulipiza kisasi. Nataka ajulikane ana uso gani. Wote waliinamisha vichwa. Mama Mwenyekiti ndiye aliyeongoza, na sauti yake ilikatika njiani, akaanza upya. Glorious alinyanyuka katikati ya sala akatoka nje.

Naliandika hili ili nilitubu baadaye: leo nimemchukia.

Jumapili, 16 Februari

Sina maneno ya kutosha. Mama Mwenyekiti ametangaza mbele ya akina mama kwamba wiki ya Pasaka watapanda wote Mbinga kusali kwenye kaburi la Victor. Na kwamba Hamphrey atalijengea, kwa saruji, kwa mikono yake, zawadi ya familia yao.

Nimempigia Walburga. Akasema, "Kama wana moyo huo, waje. Nitapika." Ni mara ya kwanza kunisemesha vizuri tangu niondoke. Nilipokata simu nilimwambia Mungu asante kwa sauti, nyumba tupu, kama mwendawazimu.

Alhamisi, 20 Februari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Glorious alisimama mlangoni pa darasa langu. Watoto walikuwa nje. Alikuwa na nguo za shamba, matope yamemkaukia miguuni. Nikamwambia karibu, kwa ubaridi. Hakuingia.

"Mwalimu, nimesikia Hamphrey atalijengea kaburi la mumeo."

"Ndiyo. Mama ameahidi."

"Usikubali."

Nikadhani ni wivu. Nilikuwa tayari kumjibu vibaya. Akasema, "Ni yeye aliyekuwa kwenye lori."

Nikamwambia sijaelewa. Nilielewa.

"Tarehe kumi na sita Julai," alisema. "Alifika nyumbani kesho yake bila lori, hajala, hajaoga. Akamwambia mama yake, kisha akaniambia mimi. Mama akatushikisha Biblia tusiseme. Halafu ukaja wewe. Nikamwambia, mama, huyu ndiye mjane mwenyewe, mwambie. Akasema tumtunze kwanza apate nguvu, nitamwambia Krismasi. Krismasi ikapita. Akasema Kwaresima. Ndiyo maana sijawahi kufika kwako. Ningekaaje nile ugali wako? Nimenyamaza, mwalimu, na mimi nina kosa langu. Lakini mikono ile imjengee kaburi, hapana. Hilo siwezi kulitazama."

Kengele ikalia. Akaondoka. Nikafundisha kugawanya kwa dakika arobaini. Sikumbuki nilichoandika ubaoni.

Kutoka shule nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mwenyekiti. Alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Aliponiona usoni aliweka ungo chini.

"Nani amekuambia?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Ningemsamehe mengi kama angeanza na neno jingine.

"Yuko wapi?"

Hamphrey akatoka mwenyewe ndani. Hakusubiri kuulizwa. Alisimama mbele yangu mikono imening'inia, akaeleza kwamba jua lilikuwa linazama, linampiga machoni, na vumbi la lori la mbele lilikuwa halijatua. Pikipiki ikatokea humo humo vumbini. Akafunga breki, akashuka.

"Alikuwa hai, dada."

Mama yake akasema, "Hamphrey." Alimkataza kama mtoto anayetaka kusema siri ya nyumba mbele ya mgeni. Nami ndiye niliyekuwa mgeni.

Akaendelea. "Alikuwa hai. Aliniambia, ndugu yangu, usiniache. Nikamvuta pembeni, nikamvua kofia yake ngumu. Nikaona watu wanatoka mashambani wanakimbia kuja. Sisi madereva tunajua watu wakifika na hasira zao kinachotokea. Nikapanda lori."

"Alisema nini kingine?"

"Hilo tu. Alilisema mara mbili."

Nikamgeukia mama yake. "Wewe ulijua hili?"

Akainama.

"Ulinishika mikono ukaniambia hakuteseka. Nilikuuliza unadhani, ukasema nakuambia. Nimelilalia neno lako miezi mitatu."

"Nilitaka upate usingizi, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Nilikuwa na swali moja zaidi, na nililiogopa. "Siku ile ya kwanza ulipoleta dagaa. Ulijua mimi ni nani?"

"Siku ile sikujua," alisema. "Nakuapia. Nilisikia tu kuna mwalimu mjane yuko peke yake. Nilijua siku ya pili, uliponitajia jina."

Kwa hiyo bakuli moja lilikuwa safi. Moja, katika miezi yote hii.

Nikamwambia Hamphrey, "Nakupa mpaka Jumamosi uende polisi kwa miguu yako. Ikipita, nitakwenda mimi."

Akasema, "Nitakwenda." Mama yake akaanza kulia, na mimi nikaondoka. Njiani nilikutana na watu watatu wakanisalimia, nikaitikia vizuri kabisa.

Ijumaa, 21 Februari

Sikwenda shule. Nimelala kutwa nasikiliza mvua kwenye bati alizogongelea Hamphrey.

Nafumua kila kitu, kila mlo, kila sala. Hakuacha komunyo kwa ajili yangu. Aliiacha kwa sababu alikuwa na mtu moyoni aliyemficha, naye anaogopa kuipokea hivyo. Mimi nikamwona mtakatifu. Homa ya Hamphrey haikuwa homa, na mimi nikampelekea machungwa. Ile sauti iliyokatika kwenye sala nilidhani ni huruma.

Na sijui wangapi walijua. Wote walionipungia leso? Kumi? Watatu? Kila sura ninayoikumbuka naigeuza upande wa pili kutazama.

Ila Victor ndiye anayeniumiza kuliko wote. Nilikuwa nimemlaza vizuri. Sasa yuko tena barabarani, anamwomba mtu asimwache. Na huyo aliyeombwa alikuwa juu ya paa langu.

Jumamosi, 22 Februari

Hamphrey amekwenda polisi. Padre William alimsindikiza. Wamemweka mahabusu.

Jumanne, 25 Februari

Padre amekuja. Hakuleta kitu mkononi, na kwa hilo nilimshukuru. Nikamuuliza kama alijua.

"Hilo siwezi kulijibu, mwalimu," alisema. "Wala ndiyo, wala hapana. Kuna mambo mtu akimwambia padre katika sakramenti, padre hana ruhusa hata ya kusema kwamba ameambiwa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Ninachoweza kukuambia ni hiki. Akina mama hawa walikupenda kweli. Na hawakukutendea haki. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine."

Nikamwambia kwangu moja limefuta jingine. Akasema anaelewa. Hakunihubiria. Alipoondoka nilitamani angenihubiria, nipate wa kugombana naye.

Jumamosi, 1 Machi

Mbinga. Nimemweleza Walburga kaburini, maana sikuweza kumweleza ndani ya nyumba. Nilisubiri aseme nilikuambia. Hakusema. Aliuliza, "Alisema mara mbili?"

"Mara mbili."

Akapiga magoti akaanza kung'oa majani kwenye udongo, moja moja, analia bila sauti. Nikapiga magoti upande wa pili. Tangu mazishi hatukuwahi kulia pamoja. Kila mmoja alikuwa anamlilia mtu wake.

"Rudi huku," aliniambia. "Kule umefuata nini sasa?"

Malori yalikuwa yanapita, na nilipokuwa nayahesabu nilijua siwezi kurudi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Kengele inasikika mpaka jikoni.

Mama mmoja wa Umoja amenisimamisha bombani. "Mwalimu, mambo haya yangemalizwa kikanisa. Tulikupokea kama ndugu, wewe ukatupeleka polisi."

Nikamuuliza, "Ninyi mlinipokea mimi, au mlikuwa mnamlinda yeye?"

Akasema mimi ni mtu mgumu. Labda.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mtihani wa katikati ya muhula. Hakuna aliyepiga hodi wiki ya tatu sasa.

Jumamosi, 15 Machi

Glorious amefukuzwa. Ndugu za Hamphrey walikaa kikao wakasema mke anayemfunga mume wake si mke. Nilimwona barabarani mchana, begi moja kichwani, khanga imelowa chapachapa, anasubiri gari la kwenda Kihagara kwa wazazi wake. Wanawake wawili walimpita, mmoja akasema neno "msaliti", si kwa sauti ndogo.

Mimi nilimwita hivyo moyoni siku ya maombi, kwa sababu alitoka nje. Ni yeye peke yake katika chumba kile aliyeshindwa kuitikia Amina ya uongo.

Nikamfuata. "Njoo kwangu."

"Watasema tulipanga, mwalimu."

"Wameshasema."

Maji yalikuwa yanamtiririka. "Nampenda Hamphrey," alisema. "Uelewe hilo kabla sijaingia kwako. Nitampelekea chakula huko aliko. Sitamwacha."

Nikamwambia nimeelewa. Ni kweli nilielewa, na iliniuma. Tumekula pamoja leo kwa mara ya kwanza. Alikula kama mtu aliyefunga miezi.

Jumatano, 19 Machi

Glorious anaimba akipika. Sauti ya pili tu, ya kwanza haipo. Unalazimika kuijaza mwenyewe kichwani.

Jumapili, 30 Machi

Bibi Emiliana, mkubwa kuliko wote katika Umoja, amekuja na fimbo yake, mvua imempiga njia nzima. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akakataa kukaa mpaka aseme.

"Mjukuu wangu, mimi nilisikia tetesi mwezi wa kumi na mbili. Mtu alininong'oneza. Sikuuliza zaidi, maana ningeuliza ningejua, na ningejua ningetakiwa kusema. Nikakuletea mihogo badala yake. Nisamehe."

Nikamuuliza kwa nini amekuja leo.

"Mpunga wa Umoja una magugu, na mstari wako umekaa wazi. Nimeona nisije kukuitia kazi kabla ya kukuambia nilichofanya."

Sikujua kama nicheke au nilie. Glorious akamletea uji. Tulikaa watatu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sikuwa napima kila neno linalosemwa mbele yangu. Hakuna lililobaki la kupima. Alikuwa amelitoa lote pale mlangoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepalilia mpunga. Wengine walinisalimia, wengine hapana. Wawili walikuja kwenye mstari wangu wakaniambia kama Bibi Emiliana: tulisikia, tukanyamaza. Watatu waliniambia hawakujua kabisa, na mmoja wao nimemwamini.

Mwisho wa siku nilikuwa nimechoka vizuri, uchovu wa kazi.

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kanisani na Glorious. Tulipoingia watu waligeuka. Bibi Emiliana akasogea kwenye benchi lake, akapiga mbao kwa kiganja mara mbili, pa, pa. Tukakaa hapo.

Mama Mwenyekiti si mwenyekiti tena, amejiuzulu mwenyewe. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Amekonda. Wakati wa kupeana amani watu walimpita kwa haraka. Mimi pia sikumpa mkono. Sikuweza, na sikujilazimisha.

Jumanne, 15 Aprili

Hamphrey amekiri kosa mahakamani. Hukumu ni mwezi wa tano. Glorious alirudi jioni, akaniambia, akaenda kukaa ufukweni. Nikamwacha akae.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Walburga alishuka Ijumaa Kuu. Hakuwahi kuja ziwani maisha yake yote. Nilimshtua kwa simu nilipomwambia ninayeishi naye, akasema hataki kumwona mke wa mtu yule. Alipofika alimtazama Glorious siku nzima bila kumsemesha. Jioni akamkuta anachambua dagaa, akakaa upande wa pili wa ungo, akaanza kuchambua naye. Nimewaacha hivyo.

Leo mchana tulikuwa watatu kibarazani, tumeshiba, wingu limeshuka chini. Watu wa kanisani walikuwa wanapita kutoa heri ya Pasaka, na Walburga alikuwa anawaamkia mmoja mmoja. Amewapenda. Halafu nikaona Winifrida, aliyekuwa Mama Mwenyekiti, anapanda njia, peke yake, hana kitenge cha Umoja, hana kitu mkononi. Glorious alinyanyuka aingie ndani, kisha akarudi akakaa.

Walburga hamfahamu. Alimwona mama mtu mzima anakuja, akanyoosha mkono. "Shikamoo, mama. Karibu, heri ya Pasaka."

Sikumwambia ni nani. Ilikuwa rahisi sana kwa Winifrida kuitikia marahaba, kunywa chai, kutoa pole kwa msiba, kwenda zake. Nilimwona akifanya hivyo miezi mitatu, na anajua kufanya vizuri kuliko mtu yeyote. Nilitaka kuona.

Winifrida hakuupokea mkono. Alisimama nje, mbele ya kibaraza.

"Usiniamkie kwanza," alisema. "Mimi ndiye mama yake Hamphrey, yule aliyemwacha kaka yako barabarani. Aliniambia siku iliyofuata na nikamficha. Wifi yako nilimdanganya nikijua. Nilikula naye nikijua. Huyu mkwe wangu alisema kweli, nami nikanyamaza alipofukuzwa nyumbani kwangu. Nimesikia umefika. Nimeona ulisikie hili kwangu mwenyewe, kabla hujaniamkia."

Mkono wa Walburga ulirudi mapajani. "Umekuja kutaka nini?"

"Sina la kutaka."

"Msamaha?"

"Nikiuomba leo nitakuwa nakutwika mzigo wangu. Sina la kutaka, mwanangu. Nimemaliza."

Lakini hakuondoka. Walburga alimtazama muda mrefu, uso wote, kama mtu anayesoma barua. "Nilikuwa nataka kukuona," alisema mwishowe. "Kule nyumbani nilikuwa nakuwaza una sura mbaya."

Manyunyu yakaanza. Winifrida alikuwa amesimama nje ya paa, matone yanamdondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Glorious alikuwa ananitazama mimi. Walburga pia. Ni nyumba yangu.

Sijamsamehe. Naandika hivyo waziwazi, kwa sababu nimechoka na watu wanaosema wasichonacho. Nikimtazama bado namsikia Victor akisema mara mbili. Sijui kama itaisha.

Niliingia ndani nikatoa kiti, nikakiweka kibarazani, chini ya paa, mahali pasipovuja. Sikusema karibu. Alikitazama, akanitazama, akapanda, akakaa.